Udongo na mawe ya bustani yapite vipi juu ya njia ya watu?

*"Assalaam aleikum fundi. Nyumba yetu iko Tudor, Mombasa, tumeirithi kwa baba. Mbele ya ukuta kuna njia ya miguu ya kabro (yale matofali ya zege ya kutandika), upana wake kama mita mbili, kisha barabara ya lami. Uani kwetu ni mchanga mtupu, na mwaka huu nimeazimia kupafanya bustani: malori matatu ya udongo mwekundu, moja la kokoto, mawe ya Mazeras ya kutandika vijia vya ndani, nyasi ya Pemba, na minazi miwili iliyokwisha kukua. Geti letu ni la gari dogo. Fundi wa bustani ashauri tumwage kila kitu usiku nje ya ukuta, asubuhi vibarua waingize, na askari wa kaunti akija 'tumpe ya chai'. Jirani mmoja aniambia mbele ya kiwanja ni pangu, nisimuombe mtu ruhusa. Mwingine ananitisha kwamba bila leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nitafikishwa kortini. Na hapo nje, asubuhi na alasiri, watoto wa shule na wa madrasa hupita wengi. Niombe ruhusa kwa nani, ya kitu gani hasa, na kabro zikivunjika nani atalipa?"*

Waaleikum salaam, dada yangu. Kwanza nikutoe hofu: hilo unalotaka kufanya lawezekana, na sehemu kubwa yake yaweza kufanyika bila hata jiwe moja kulala nje ya ukuta wako. Nimesimamia kazi za nyua na bustani katika mji huu miaka mingi, Kizingo, Tudor, Nyali mpaka Shanzu. Swali lako nimeulizwa mara nyingi, ila kwa kawaida huulizwa baada ya kifusi kumwagwa na askari kufika. Wewe umeuliza mapema, na hilo pekee limekuondolea nusu ya taabu.

Watu wote watatu waliokushauri wamechanganya mambo matatu ambayo lazima yatenganishwe: kupita, kusimama na kuweka. Kibarua akivuka njia ya miguu na wilibaro ya udongo, anapita, kama apitavyo mtu mwenye mkokoteni wa maji, na sijaona mtu akiombwa kibali kwa hilo. Lori likiegeshwa kando ya barabara saa mbili au tatu likipakuliwa, limesimama. Hapo unatumia barabara ya umma kuliko kawaida na inafaa uiarifu kaunti na upate kauli yao kwa maandishi. Ukimwaga udongo juu ya kabro, hata kwa usiku mmoja, umeweka. Umechukua mahali pa umma ukapafanya ghala lako, na hilo halifanywi bila kibali. Tofauti na hayo yote ni lori kupanda juu ya kabro ili liingie ndani. Wengi hulihesabu kama kupita tu, kumbe ndilo linalovunja vitu. Nitalirudia, kwa sababu ndipo pesa yako ilipo.

Sasa jirani wa kwanza. Kiwanja chako huishia kwenye bikoni, zile alama za mpimaji zilizo kwenye ramani ya hati yako. Kutoka hapo hadi bikoni za wenzako ng'ambo ya pili ni hifadhi ya barabara, na lami ni sehemu yake moja tu. Njia ya miguu, mtaro, nguzo za umeme na mabomba ya maji yako humo humo. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu barabara miongoni mwa ardhi ya umma. Kwa hiyo mbele ya kiwanja si pako, ingawa ni wewe unayepafagia kila asubuhi na kupamwagia maji vumbi likizidi. Naelewa mtu anavyokuja kupaona pake mahali anapopatunza hivyo. Lakini huwezi kumzuia mtu kupita hapo, na huwezi kupaziba. Nikuombe jambo moja la ziada: hakikisha ukuta wenyewe umekaa ndani ya bikoni. Nyumba za urithi zina mambo. Nimekuta kuta zilizojengwa nusu mita nje ya mstari, na mwenye nyumba akajua siku ile alipokwenda kuomba ruhusa ya jambo jingine kabisa. Kama hujui bikoni ziko wapi, mpimaji mwenye leseni atakuonyesha.

Jirani wa pili amekutisha zaidi ya kiasi. Leseni ya NEMA, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, imekusudiwa miradi iliyoorodheshwa katika sheria hiyo kwa sababu ya athari zake kwa mazingira. Kutandaza udongo na kupanda nyasi uani hakumo katika jambo hilo. Mambo hubadilika kama kiwanja chako kinateremka hadi kwenye maji ya Tudor Creek, kama utajaza mahali penye majimaji, au kama kuna mikoko ya kukata. Hapo nenda NEMA kabla ya kuagiza hata toroli moja ya udongo. Vilevile, ukiamua kupanua geti au kujenga ukuta mpya, hilo ni ujenzi, na chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 linahitaji idhini ya kaunti ambayo ni tofauti na hii ya lori. Usiyaunganishe maombi hayo mawili katika karatasi moja. La lori huweza kumalizika upesi, la ukuta lina ramani na mafundi wake, na moja litakwamisha lingine.

Na fundi wako wa bustani? Naona anakupenda wewe na kazi yake, lakini ushauri wake huo ukatae. Nina sababu mbili, na ya kwanza ni ya moyoni.

Miaka mingi nyuma, kazi moja Kizingo, niliruhusu kokoto zilale nje ya ukuta usiku mmoja. Lori lilichelewa kivukoni Likoni, vibarua wakawa wamekwenda zao, nami nikasema asubuhi tutaondoa. Alfajiri mzee mmoja wa mtaa alikuwa akirudi kutoka msikitini. Taa ya barabarani ilikuwa haiwaki. Alipoliona lile tuta akashuka barabarani kulizunguka, akakanyaga kokoto zilizomwagika ukingoni, akateleza, akavunjika mkono. Nilikwenda kumtazama kwake. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Tangu siku ile sijaacha kitu kilale juu ya njia ya watu. Tuta la udongo ni zaidi ya takataka: linamtoa mtu mahali pa salama na kumpeleka kwenye magari. Kijana ataliruka. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi, mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani hawezi, na mtoto wa darasa la kwanza atashuka barabarani bila kutazama tuktuk inayokuja nyuma yake. Usiku hali huwa mbaya zaidi, wala si bora kama fundi anavyodhani.

Sababu ya pili ni hiyo "ya chai". Sheria ya Kuzuia Hongo ya 2016 inamkamata anayetoa kama inavyomkamata anayepokea. Na hata ukiiweka sheria kando, hongo hainunui kitu. Askari wa zamu ya usiku akiondoka, wa asubuhi hakujui, na tuta bado liko pale. Barua yenye muhuri ndiyo inayofahamika kwa askari wa zamu zote.

Sasa tuingie kwenye kabro zenyewe, maana ukielewa zinavyofanya kazi utajua mwenyewe la kuagiza na la kukataa.

Kabro moja moja haina nguvu ya ajabu. Nguvu yake iko katika kushikana. Chini kuna tabaka la mawe madogo yaliyoshindiliwa, juu yake mchanga wa sentimita chache, kisha kabro, na katikati ya kabro mchanga laini uliofagiliwa kwenye mianya. Ukikanyaga moja, mchanga wa mianyani unaigawia mzigo ile ya jirani, na ile inamgawia jirani yake. Pembeni mwa yote kuna jiwe la ukingo, ambalo kazi yake ni kuzuia kabro zisisambae. Kwa kawaida njia ya watu hutandikwa kabro za unene wa milimita 60, na pa magari milimita 80. Lakini tofauti kubwa iko chini, pale usipopaona: tabaka la mawe la njia ya watu ni jembamba, kwa sababu halikutarajiwa kubeba zaidi ya miguu na baiskeli.

Sasa leta lori la tani saba lililojaa. Uzito wake pamoja na shehena unazidi tani kumi, na zaidi ya nusu uko kwenye ekseli ya nyuma. Gurudumu likipanda ukingo, mzigo wote huo unasimama kwa sekunde moja juu ya jiwe la ukingo, ambalo husukumwa nje au kupasuka. Kisha gurudumu linaingia kwenye kabro na kuukandamiza mchanga wa chini ukimbilie pembeni. Huenda siku hiyo usione kitu. Utaona bonde dogo tu, kina cha vidole viwili. Halafu masika inakuja, maji yanatuama kwenye lile bonde, yanaubeba mchanga wa mianyani, kabro zinaanza kucheza kama meno mabovu, na baada ya miezi mitatu kuna shimo. Ndiyo maana mwenye lori atakuapia kwamba hakuvunja chochote, na atakuwa anaamini anachosema.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Mitaa mingi ya Mombasa njia ya miguu imepita juu ya mtaro wa maji ya mvua au kando yake, na mtaro umefunikwa kwa vibamba vya zege. Toka nje utazame: je, kuna mstari mrefu wa vibamba badala ya kabro, au vifuniko vya chuma, au tundu za maji ukingoni? Gonga kwa kipande cha chuma usikilize kama kuna uwazi chini. Kibamba cha kufunika mtaro hupasuka chini ya gurudumu la lori bila onyo, na lori likazama na shehena yake. Ukiona dalili hizo, lori lisipande kabisa, hata mtu akikuahidi mbao za kutandika. Na kama huna hakika, mwite mhandisi wa kaunti aje apaone kwa macho. Hilo haliamuliwi kwa picha ya simu.

Kutokana na hayo, ushauri wangu kwa geti lako ni huu: lori libaki kwenye lami, na mzigo uvuke kwa mikono. Watu huogopa kwamba itachukua siku nzima, basi tuhesabu. Lori la tani saba hubeba udongo wa kama mita tano za ujazo. Wilibaro ya kawaida huchukua kama lita 60. Hizo ni safari 80 hadi 90. Ukiwa na wilibaro tatu na vibarua wanaopokezana, na kila safari dakika tano kwenda, kumwaga na kurudi, lori moja linamalizika kwa saa mbili na nusu hivi. Malori matatu ya udongo, asubuhi tatu. Kabro zilizo nzima zinaibeba wilibaro bila wasiwasi. Unachohitaji ni ubao mmoja imara wa mteremko pale penye ukingo, nao uondolewe kila kazi ikisimama ili usimkwaze mtu.

Lakini angalia aina ya lori, kwa sababu hapa ndipo mipango mizuri huharibika. Lori la kubinua halijui kupakua kidogo kidogo. Likifika litainua tumbo na kumwaga, na popote litakapomwaga patakuwa nje ya ukuta wako. Agiza lori la ubao linalofungua ubavu, na muafikiane na mwenye lori kabla kwamba utingo na vibarua watapakua kwa koleo moja kwa moja kwenye wilibaro. Atadai nyongeza kwa ajili ya muda wa kusubiri. Mlipe. Ni rahisi kuliko kutandika upya kabro za umma.

Njia nyingine zipo, na kila moja ina bei yake. Waweza kununua udongo ukiwa kwenye viroba vya kilo 50. Ni safi, hauchafui njia, na ndio unaotumika kwenye vichochoro vya Mji wa Kale ambako lori haliingii na mkokoteni ndio unaofanya kila kitu. Lakini kwa tani 21 utahitaji viroba zaidi ya 400, na gharama ya kujaza na kubeba itakuumiza. Ningevitumia kumalizia tu, pale udongo utakapopungua. Waweza pia kuagiza kanta, lile lori dogo, ambayo geti lako linaweza kuipokea, ikija mara nyingi. Pima geti kwanza, kwa maana bodi ya lori kubwa ina upana wa kama mita mbili na nusu, na lazima ubakishe nafasi ya vioo na ya dereva kukosea. Bado hapo gurudumu litavuka kabro kila safari, kwa hiyo kanta iwe nyepesi na ipite pale pale gari lenu linapopita siku zote, palipojengwa kwa ajili hiyo. Kutandika mabamba ya chuma ili lori zito lipite kunawezekana, nimefanya, lakini ni kazi ya mhandisi na kibali maalumu. Kwa bustani ya nyumbani sioni faida yake. Mawe ya Mazeras yapokezwe mkono kwa mkono. Yakibinuliwa nusu yatafika yakiwa vipande.

Sasa ruhusa yenyewe. Kwanza ujue barabara ni ya nani. Katiba, Jedwali la Nne, iliziachia kaunti barabara za kaunti, trafiki na maegesho. Barabara kuu kama ile ya kwenda Malindi iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na kuna barabara za mjini zilizo chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Mamlaka zote mbili ziliundwa kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Mtaa wa ndani kama wenu aghalabu huwa wa kaunti. Anzia ofisi ya wadi ya Tudor au ya kaunti ndogo ya Mvita, uulize barabara yenu ni ya nani na idara ya barabara inapokea wapi barua. Ukijibiwa kwamba ni ya KURA au KeNHA, barua ielekezwe huko na nakala kwa kaunti.

Barua iwe fupi na iwe na vipimo. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili, maana kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mimi huandika hivi:

*"Mimi ni mwenye kiwanja nambari …, mtaa wa …, wadi ya Tudor. Naomba ruhusa ya lori moja kusimama kando ya barabara mbele ya kiwanja changu siku za Jumatatu, Jumanne na Jumatano, tarehe … hadi …, kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana. Lori ni la tani saba na halitapanda njia ya miguu. Mzigo utapakuliwa moja kwa moja kwenye wilibaro na kuingizwa ndani. Hakuna kitakachowekwa nje ya ukuta. Wapita njia watapewa nafasi kwanza, na mtu mmoja atasimama hapo kuwaongoza. Njia itafagiwa kila siku kazi ikimalizika. Naambatanisha mchoro wenye vipimo na picha za njia ilivyo leo. Uharibifu wowote utakaosababishwa na kazi hii nitaugharamia."*

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Hizo picha ni ulinzi wako: piga kila kabro iliyokwisha kuvunjika, kila kibamba chenye ufa, picha zionyeshe na ukuta wako ili mahali pajulikane. Nimeona watu wakilipishwa mashimo yaliyokuwepo kabla hawajahamia mtaani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni hiyo simu yako.

Ukiambiwa kuna ada, usikasirike na usikubali upesi. Ada za kaunti hupangwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, na kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kwa sheria. Kwa hiyo uliza kwa upole: ada hii iko wapi katika sheria ya mwaka huu? Omba ankara, lipa kwa njia rasmi ya kaunti, chukua risiti. Huenda pia wakadai amana ya kurudishwa njia ikibaki salama. Ikiwa ni hivyo, masharti ya kuirudisha yaandikwe. Na wakikukatalia, kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mara nyingi sababu ni ndogo, kama saa uliyochagua au mahali lori litakaposimama, na ukiibadilisha unakubaliwa.

Kuhusu saa, wewe unaujua mtaa wako kuliko mimi. Watoto wakishaingia darasani hadi kabla ya adhuhuri ndio muda wangu wa kawaida. Ijumaa siagizi lori, kwa ajili ya Jumaa. Mwezi wa Ramadhani baada ya alasiri njia zote zimejaa watu wenye vyakula vya kufuturu, acha kabisa. Na lori likichelewa njiani likafika saa nane, lirudishe au lisubiri mahali pengine mpaka kesho. Sema hivyo na mwenye lori tangu siku ya kuagiza, ili asikubwagie mzigo kwa hasira.

Msimu nao una neno. Nyasi ya Pemba hushika vizuri ikipandwa mvua zikianza, kwa hiyo wengi hungoja mpaka masika iingie ndipo waagize udongo. Hapo udongo mwekundu huloweka, hudondoka kwenye wilibaro, hugeuka utelezi juu ya kabro na kuishia mtaroni, na mtaro ukiziba maji yanaingia kwa jirani. Kokoto na mawe ya Mazeras yaje wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu. Udongo uje wiki mbili tatu kabla ya mvua, ukae ndani ya ukuta umefunikwa turubai. Nyasi iwe ya mwisho, nayo ni nyepesi, hata tuktuk ya mizigo itaileta.

Minazi ni habari nyingine kabisa. Mnazi uliokwisha kukua huja na shina refu na donge zito la mizizi na udongo, na mara nyingi huinuliwa kwa kreni. Kreni hufungua miguu yake na kuikandamiza chini, yaani juu ya njia ya watu, na mkono wake huinuka mpaka kwenye nyaya za umeme. Hapo barua yangu ya hapo juu haitoshi. Itahitajika njia ifungwe kwa muda kwa kibali, na Kenya Power waulizwe kuhusu nyaya kabla ya siku yenyewe. Ukiniuliza mimi, ningepanda miche ya urefu wa magoti inayobebwa na mtu mmoja. Katika hewa ya hapa mnazi haukawii, na uliokulia mahali pake hushika kuliko uliohamishwa ukubwani.

Swali lako la mwisho: kabro zikivunjika, nani analipa? Kwa kaunti, aliyeomba ruhusa ndiye anayeulizwa, yaani wewe. Kati yako na mwenye lori ni mapatano yenu, kwa hiyo andikeni hata nusu ukurasa: lori halipandi njia, na dereva akipanda bila kuambiwa, gharama ni yake. Zikivunjika, piga picha, ripoti siku hiyo hiyo, na usiruhusu mtu azibe kwa saruji. Naona sana jambo hili mitaani na linanikera. Saruji hutengeneza kipande kigumu kisichoshikana na wenzake, kabro za pembeni huendelea kushuka, na siku bomba likipasuka chini lazima kivunjwe kwa nyundo. Kabro huinuliwa, tabaka la chini likashindiliwa upya, mchanga ukasawazishwa, zikarudishwa zile zile. Lakini anayezigusa awe ametumwa au ameruhusiwa na wenye barabara. Na kama mtu ameumia, Mungu apishe mbali, au umeletewa notisi ya maandishi, hapo usitegemee jibu langu hili. Nenda na karatasi zako kwa wakili na kwa ofisi iliyotoa notisi kabla muda waliokupa haujaisha.

Kabla hujalipa lori la kwanza, chukua futi ya kupimia utoke nje siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pima njia kutoka ukutani hadi ukingoni, pima geti, kisha simama nusu saa uhesabu wanaopita, na wangapi kati yao ni watoto. Rudi tena saa nne uhesabu. Hizo nambari mbili ziandike kwenye barua, chini ya saa ulizoomba.